Uzi maalumu: Video inagoma kucheza kwenye kompyuta? Jua kwanza kilichomo ndani ya faili

#1 FundiSaketi

Wakuu, maswali ya "MKV yangu haifunguki" yamekuwa mengi na majibu ni yale yale. Tuyakusanye hapa. Mwenye faili linalogoma alete taarifa zake kamili. Picha ya skrini nyeusi haimsaidii mtu.

Jambo la kwanza, na bila hili mengine yote ni kubahatisha: MP4, MKV, AVI, MOV, WebM, TS ni majina ya kasha tu. Ndani ya kasha kuna mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, na pengine manukuu. Kila mkondo umebanwa kwa kodeki yake (njia ya kubana na kufumbua), na kodeki ndiyo inayoamua kama kompyuta itacheza au itagoma. MP4 yenye H.264 na AAC inafunguka karibu kila mahali. MP4 nyingine, yenye jina la aina ile ile, ikiwa na picha ya HEVC (yaani H.265) ya biti 10 (kina cha rangi) na sauti ya E-AC-3, itakupa sauti bila picha, au picha bila sauti, au isifunguke kabisa. Ndiyo maana kubadilisha jina kutoka .mkv kuwa .mp4 hakusaidii kitu: umebadilisha lebo, mzigo ni ule ule.

Kuangalia kilichomo, chagua njia moja:

- VLC: fungua faili, bonyeza Ctrl+J.
- MediaInfo: buruta faili juu ya dirisha lake, kisha chagua mwonekano wa maandishi. Soma mistari ya Format, Format profile, Bit depth na Chroma subsampling kwa picha, na Format kwa sauti.
- ffprobe, inayokuja pamoja na FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri:

`ffprobe -hide_banner faili.mkv`

Ukileta swali hapa, weka mistari hiyo, pamoja na aina ya prosesa, kadi ya michoro, na mfumo endeshi.

Kuhusu programu: VLC, mpv na MPC-HC hubeba dikoda (vifumbuzi vya kodeki) zao wenyewe, nyingi zikitoka kwenye maktaba ya libavcodec ya mradi wa FFmpeg. Hazitegemei Windows iwe na nini. Kwa hiyo kabla hujasakinisha "kodeki" yoyote, jaribu faili kwenye mojawapo ya hizo tatu, toleo jipya. Likicheza, faili ni zima. Iliyopungukiwa ni programu uliyokuwa ukitumia. MPC-HC ya awali ilisimama mwaka 2017, ila kuna tawi lake linaloendelezwa na clsid2 kwenye GitHub. Chukua hilo.

#2 Nyuzi64

Niongeze upande wa Windows, maana wengi hawapendi kuacha programu iliyokuja na mfumo.

Windows 10 na 11 hufungua kasha la MKV bila msaada. Kinachokosekana huwa ni kodeki. HEVC inahitaji kiongezi cha HEVC Video Extensions kutoka Microsoft Store, ambacho ni cha kulipia. Kiongezi cha AV1 ni bure. Kucheza DVD kuliondolewa kwenye mfumo wa msingi tangu Windows 8, hivyo usishangae diski ya zamani ikikataa huku VLC inaisoma bila shida.

Wenye toleo la Windows lenye herufi N mwishoni: hilo limeondolewa vipengele vya midia makusudi. Hata MP4 ya kawaida itagoma mpaka usakinishe Media Feature Pack kupitia sehemu ya vipengele vya hiari kwenye mipangilio. Dalili yake ni kwamba hakuna kinachocheza, si faili moja tu.

Na kama bado una QuickTime kwenye Windows, ondoa. Apple waliacha kuihudumia mwaka 2016 ikiwa na mianya ya usalama ambayo haikuzibwa. MOV inafunguliwa na VLC bila hiyo.

#3 Kasha_Tupu

Mkuu FundiSaketi, taarifa zangu hizi:

Kasha MKV. Picha HEVC, Main 10 (yaani biti 10), 3840x2160, fremu 23.976, takriban Mbps 60. Sauti E-AC-3. Prosesa Core i5 ya kizazi cha 6, michoro ni ile ya ndani ya prosesa, Windows 10. Kwenye VLC sauti inakwenda vizuri, picha inakatakata na kuganda.

#4 FundiSaketi

@Kasha_Tupu hapo kodeki ipo, nguvu ndiyo haitoshi. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 zina saketi ya kufumbua HEVC ya biti 8. Ya biti 10 kwa ukamilifu ilikuja na kizazi cha 7. Kwa hiyo kazi yote inaangukia kwenye prosesa, na 4K ya Mbps 60 ni mzigo mzito kwa kori nne za wakati ule.

Hakikisha kwanza. Fungua faili kwa mpv, bonyeza Shift+I, takwimu zitabaki kwenye skrini. Angalia mstari wa hwdec (ufumbuaji wa maunzi) kama upo, na hesabu ya fremu zilizodondoshwa. Hesabu ikipanda kila sekunde na prosesa iko karibu asilimia 100, ndiyo hivyo. Lakini kama prosesa imetulia na bado inakwama, angalia faili liko wapi: Mbps 60 ni megabaiti 7.5 kwa sekunde, na kilele chake kinaweza kuwa mara mbili ya hapo. Flashi ya zamani au Wi-Fi dhaifu inashindwa. Nakili kwenye diski ya ndani ujaribu tena.

Ikithibitika ni prosesa, ibane upya kwa 1080p mara moja, kisha ucheze ukitaka:

`ffmpeg -i ingizo.mkv -map 0:v:0 -map 0:a -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -preset medium -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a copy toleo.mkv`

Hiyo `-pix_fmt yuv420p` usiisahau. Ukiiacha, x264 (kibanaji cha H.264) itafuata chanzo na kukutolea H.264 ya biti 10, ambayo kadi nyingi za michoro haziifumbui kabisa. Utakuwa umetoka shimo moja ukaingia lingine. Namba ya crf ikishuka ubora unapanda na faili linakua. Kati ya 18 na 23 ndipo pa kuchezea.

#5 bintiKodeki

Nyongeza kwa #4: angalia kama chanzo ni HDR (video yenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida) kabla ya kuanza. Kwenye MediaInfo tafuta PQ au BT.2020. Ukiibana kwa amri hiyo kama ilivyo, rangi zitatoka zimepauka, kijivukijivu, kwa sababu mwanga wa HDR umesomwa kama wa kawaida. Badilisha sehemu ya -vf iwe hivi:

`-vf "zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=hable:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,scale=1920:-2,format=yuv420p"`

Inahitaji FFmpeg iliyojengwa pamoja na maktaba ya zimg. Zile "full" za Windows huwa nayo. Itaenda polepole sana. Iache usiku.

#6 Mkuki_wa_Data

Mnakimbilia kubana upya mapema mno, wakuu. Wengi wanaokuja na tatizo la kasha hawahitaji kubana chochote. Kuhamisha mikondo kutoka kasha moja kwenda jingine hakupunguzi ubora hata chembe, na kunachukua muda wa kunakili faili tu:

`ffmpeg -i ingizo.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c copy toleo.mp4`

Sasa vitu vinavyokwamisha hapo:

Sauti. MP4 inapokea AAC, MP3, AC-3. Ukiwa na DTS, hata amri ikikubali, programu nyingi zitacheza bila sauti. Acha picha, badilisha sauti peke yake: `-c:v copy -c:a aac -b:a 192k` kwa stereo, au 384k kwa chaneli 5.1. Dakika chache umemaliza.

Manukuu. SRT iingie MP4 kama `-c:s mov_text`. ASS itapoteza mitindo na mahali ilipowekwa. Manukuu ya picha, yaani PGS ya Blu-ray au VobSub ya DVD, si maandishi, kwa hiyo mov_text haiyachukui. Baki na MKV, au yapitishe kwenye programu ya kusoma maandishi kwenye picha kama Subtitle Edit.

HEVC kwa vifaa vya Apple. FFmpeg huandika alama ya hev1, na QuickTime Player inataka hvc1. Ongeza `-tag:v hvc1`. Ni herufi nne tu lakini zimewafanya watu wabane upya saa tano bure.

Asiyetaka amri atumie MKVToolNix kwa kuingiza kwenye MKV, au LosslessCut kwa kukata na kuhamisha. HandBrake ni nzuri, ila ikumbukwe kwamba kwa upande wa picha HandBrake hubana upya daima. Haina njia ya kunakili mkondo wa picha.

#7 Mzee_wa_Dirisha

Yote haya ya nini? Sakinisha pakiti ya kodeki ya K-Lite Standard, kila kitu kinacheza, hata kwenye Windows Media Player ya zamani.

#8 Nyuzi64

@Mzee_wa_Dirisha K-Lite sina ugomvi nayo, inatunzwa vizuri na inakuja na MPC-HC. Lakini mtu ajue anasakinisha nini. Pakiti ya kodeki inaongeza vichujio vya DirectShow (njia ya zamani ya Windows ya kucheza midia) kwenye mfumo mzima, na vinatumiwa na programu zinazotegemea DirectShow tu. Programu ya Filamu na TV, na hii Media Player mpya ya Windows 11, zinapita njia nyingine ya Media Foundation. Utaweka pakiti na HEVC bado itagoma pale. VLC na mpv nazo hazitavigusa hivyo vichujio kabisa.

Ubaya unaanza mtu akiweka pakiti mbili. Vichujio viwili vinadai kazi ile ile, chenye kipaumbele cha juu kinashinda hata kama ni kibovu, na dalili zake hazieleweki: picha iliyopinduka chini juu, sauti mara mbili, programu ya kuhariri inayofunga yenyewe. Anayehitaji DirectShow kweli aweke LAV Filters peke yake. Inatosha.

#9 Mzee_wa_Dirisha

Sawa kwa pakiti mbili, nakubali. Lakini kwa mtu asiyetaka kusoma amri, K-Lite moja bado ni jibu.

#10 Mkuki_wa_Data

Kwa mtu huyo jibu ni VLC, mkuu. Tuendelee.

Kuhusu AVI za zamani, maana zina matatizo ya peke yake. AVI ni kasha la Microsoft la mwaka 1992, na kodeki yake inatambulika kwa herufi nne: XVID, DIVX, DX50, DIV3, IV50, cvid. Hiyo IV50 ni Indeo 5, na cvid ni Cinepak. Msitafute visakinishi vya Indeo mitandaoni. Dikoda za Indeo na Cinepak zimo ndani ya FFmpeg, kwa hiyo VLC na mpv zinazifungua.

AVI inacheza lakini huwezi kuruka mbele? Faharasa yake iko mwisho wa faili, na faili lililokatika halina mwisho. Iandike upya:

`ffmpeg -i bovu.avi -c copy zima.avi`

Ukiihamishia MKV au MP4 ukapata malalamiko kuhusu mihuri ya muda isiyojulikana, weka `-fflags +genpts` KABLA ya -i. Ikiwekwa baada haifanyi kazi. Na XVID nyingi zina fremu mbili zilizofungwa kwenye pakiti moja, hivyo ongeza `-bsf:v mpeg4_unpack_bframes`, la sivyo picha itatetemeka kwenye kasha jipya.

#11 Lenzi_Nne

Mafaili ya kamera za ulinzi je? Nina .dav na mengine yameandikwa .264. VLC inafungua .264 lakini inakwenda mbio na haionyeshi muda.

#12 bintiKodeki

@Lenzi_Nne .264 ni H.264 tupu, haina kasha, kwa hiyo hakuna mahali palipoandikwa fremu ngapi kwa sekunde. Programu inakisia, kwa kawaida 25. Kama kinasio (mashine inayorekodi picha za kamera) kilirekodi kwa 12 au 15, lazima iende mbio. Angalia kasi kwenye mipangilio ya kinasio, kisha:

`ffmpeg -f h264 -framerate 15 -i kamera.264 -c copy kamera.mp4`

Kipimo kizuri ni saa iliyoandikwa kwenye pembe ya picha: sekunde 60 za saa hiyo zilingane na sekunde 60 za programu. Kama kamera ni ya H.265, weka `-f hevc`.

.dav ni kasha la Dahua. FFmpeg za miaka ya karibuni zinalitambua, jaribu ffprobe kwanza. Ikishindikana, tumia programu ya mtengenezaji na uchague kusafirisha kwenda AVI au MP4. Kama video ni ushahidi, tunza ya asili bila kuigusa na ufanyie kazi nakala, kwa sababu muhuri wa tarehe na alama za uthibitisho za kinasio hupotea ukihamisha kasha.

#13 Tumbo_la_Diski

ffprobe inaniambia "moov atom not found". MP4 ya kamera, betri ilikatika ikiwa inarekodi. VLC haifungui.

#14 FundiSaketi

moov ndiyo ramani ya MP4: inasema kila fremu iko wapi na ina ukubwa gani. Kamera huiandika mwishoni unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika, data imo lakini ramani haipo, na hakuna programu ya kuchezea itakayoweza kusoma.

Dawa ni programu ya untrunc. Inahitaji video nyingine nzima kutoka kamera ile ile, kwa mipangilio ile ile ya ukubwa, fremu na kodeki:

`untrunc nzima.mp4 bovu.mp4`

Ikichukua sampuli ya mipangilio tofauti itatoa vurugu za rangi. Usiendelee kurekodi kwenye kadi hiyo kabla hujanakili.

Kabla ya yote hayo angalia ukubwa wa faili. Kama ni la kupakua na linaishia .part au .crdownload, halijamaliza kushuka. Na kama limesimama karibu kabisa na baiti 4,294,967,295, umenakili kwenye diski ya FAT32, ambayo haibebi faili kubwa kuliko hapo. Fomati flashi kwa exFAT, baada ya kuondoa vilivyomo, kisha nakili upya kutoka chanzo.

#15 Nyuzi64

Tahadhari moja kabla uzi haujawa mrefu zaidi. Video inayofunguka na kuonyesha maandishi tu, "pakua kichezeshi hiki ili kuendelea kutazama", si tatizo la kodeki. Ni mtego. Vivyo hivyo WMV inayofungua kivinjari kutafuta leseni. Washa uonyeshaji wa herufi za mwisho za majina kwenye File Explorer, maana `filamu.mp4.exe` huonekana kama `filamu.mp4` zikiwa zimefichwa. Hakuna video halali inayoishia .exe, .scr wala .lnk.

#16 Pengwini_Mweusi

Watu wa Linux tusisahaulike. Ubuntu:

`sudo apt install ubuntu-restricted-extras`

Fedora huja na FFmpeg iliyopunguzwa kwa sababu za hataza. Washa hazina ya RPM Fusion, kisha:

`sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing`

Kwenye Fedora hata kufumbua H.264 na HEVC kwa kadi za AMD kumeondolewa kwenye Mesa (dereva za michoro za Linux) ya kawaida, kwa hiyo badilisha na mesa-va-drivers-freeworld kutoka hazina hiyo hiyo. Bila hivyo video itacheza, ila prosesa itachemka na betri itaisha haraka. Hakiki kwa amri ya `vainfo`.

Mac: QuickTime Player haifungui MKV. Weka IINA, ambayo ndani yake ni mpv. Kodeki za zamani za QuickTime 7 zilikufa na macOS Catalina mwaka 2019, kwani zilikuwa za biti 32. Video hizo zipitishe FFmpeg.

#17 Rangi_Rangi

Mimi picha inacheza vizuri ila sura za watu ni zambarau na kijani. MP4, HEVC Main 10, MediaInfo inaandika Dolby Vision, dvhe.05.

#18 bintiKodeki

@Rangi_Rangi hiyo 05 ndiyo jibu. Dolby Vision (aina ya HDR) ya wasifu wa 5 hutumia mfumo wake wa rangi na haina tabaka la chini la HDR10 ambalo programu ya kawaida ingeangukia. Programu ikiisoma kama YUV ya kawaida, lazima upate zambarau na kijani. Faili halina kasoro. Tumia mpv mpya:

`mpv --vo=gpu-next faili.mp4`

Ya wasifu wa 8.1 haina shida hiyo, ina HDR10 chini yake.

Kijani cha skrini nzima, au vipande vya mraba vinavyoruka, ni jambo jingine: dereva wa kadi ya michoro. Kwenye VLC bonyeza Ctrl+P, nenda Input / Codecs, zima ufumbuaji wa maunzi. Ukipona, sasisha dereva kisha uiwashe tena.

#19 Lenzi_Nne

Asante, 15 ndiyo ilikuwa kasi. Swali la mwisho: .MTS za kamera ya mkononi zinaonyesha mistari ya mlalo kitu kikisogea. Na VOB za DVD, niziunganishe vipi?

#20 Mkuki_wa_Data

MTS hiyo ni 1080i, kila fremu ni nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Kwa kutazama tu, bonyeza herufi d kwenye VLC au mpv, mistari inaondoka. Kwa kubadilisha moja kwa moja:

`ffmpeg -i 00001.MTS -vf bwdif -c:v libx264 -crf 18 -c:a copy toleo.mkv`

bwdif kwa kawaida inatoa fremu moja kwa kila nusu, hivyo 25 inakuwa 50. Iache hivyo, mwendo utakuwa laini. Usipunguze ukubwa wa picha kabla ya kichujio hicho, mistari ikishachanganyika haitengani tena.

VOB usiziunganishe kwa mkono. Zimekatwa kila gigabaiti 1, na mihuri ya muda inaweza kuanza upya katikati, ndipo sauti inapoachana na picha. Mpangilio wa kweli umo kwenye mafaili ya IFO. Elekeza MakeMKV kwenye folda nzima ya VIDEO_TS, itasoma IFO na kukupa MKV moja yenye sura (chapters), sauti zote na manukuu. Picha itabaki MPEG-2 ile ile, 720x576 au 720x480. Ikionekana imebanwa kwa upana, uwiano ndio haukusomwa: kwenye VLC bonyeza herufi a mpaka ufike 16:9 au 4:3.